Nilivyompatia Mama nafasi ya gari karibu na mlango

Hatua 140. Mama alizihesabu mwenyewe, kwa sauti, kutoka pale nilipopata pa kuegesha gari mpaka mlango wa jengo letu hapa Minneapolis, Marekani. Ilikuwa Januari, barafu imetanda juu ya lami, na ilikuwa miezi mitano tu tangu kiharusi kimlegeze upande wa kushoto. Katikati ya njia aliegemea fremu yake ya kutembelea, akaniambia, "Mwanangu, ngoja kwanza nipumue." Nikamzidishia kanga mabegani juu ya koti, tukasimama pale pale, magari ya majirani yakitupita.

Tunaishi kwenye kondo. Ndani ni kwangu, lakini ngazi, korido na maegesho ni mali yetu sote, na vinasimamiwa na chama cha wenye nyumba. Kila mwezi nalipa ada, na bodi ya majirani tuliowachagua ndiyo hutunga kanuni. Kwenye maegesho, aliyewahi ndiye apataye. Nilipomwomba mwenyekiti amtengee Mama nafasi moja karibu na mlango, alinijibu kwamba kanuni ni moja kwa wote, akinipa mimi kesho kila mtu atataka. Lilisikika kama jibu la haki. Nilikaa nalo wiki mbili nikiona aibu, kana kwamba nimeomba upendeleo.

Aliyenifumbua macho ni ofisa ustawi wa jamii wa pale Mama anapofanyia mazoezi. Sheria ya makazi ya haki ya mwaka 1968, inayokataza ubaguzi kwenye makazi na iliyotiwa saini wiki moja baada ya Martin Luther King kuuawa, nilidhani ni ya rangi tu, tena ya wapangishaji tu. Kumbe mwaka 1988 waliongezwa watu wenye ulemavu na familia zenye watoto wa chini ya miaka 18, na bodi za kondo zinabanwa vilevile. Kukataa kulegeza kanuni pale mlemavu anapoihitaji ili aishi nyumbani kwake kama wengine ni ubaguzi, labda gharama au usumbufu wake uwe umepita kiasi. Na kanuni za serikali zenyewe zinatoa mfano: jengo la nyumba 300, nafasi za magari 450, aliyewahi ndiye apataye, na mtu asiyeweza kutembea mbali anaomba atengewe nafasi. Kumkatalia ni kosa. Nilisoma mara tatu. Yalikuwa maegesho yetu kabisa!

Basi nikaandika barua fupi yenye tarehe, nikaambatanisha mfano huo na karatasi ya daktari inayosema Mama hawezi kutembea mbali. Ugonjwa haukutajwa, na haikulazimu. Mwezi ukapita kimya. Kisha bodi ikadai faili lake lote la hospitali. Hapo nilikasirika kweli. Ulemavu wa Mama unaonekana kwa macho, faili la nini? Nikapeleka malalamiko HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, kwa mtandao. Ni bure, wakili si lazima, ila usipitishe mwaka mmoja tangu tukio. Sheria inakataza pia kulipiza kisasi kwa aliyelalamika. Hata hivyo jirani mmoja aliacha kutusalimu, na hilo liliniuma kuliko barua zote.

HUD iliwaarifu bodi na kutualika kwenye usuluhishi. Nadhani wakili wa chama alipousoma ule mfano, aliwaeleza ukweli, maana walikubali kabla uchunguzi haujaisha. Mei kibao kikasimikwa. Siku ile Mama alihesabu tena: hatua 19.

Sasa tunashughulikia reli ya kushikilia kwenye ngazi za kuingilia. Hii ni habari nyingine: kulegeza kanuni kunamhusu mwenye kanuni, lakini kujenga au kubadilisha kitu, kwenye jengo la binafsi kama letu, gharama ni yako, na bodi haina ruhusa ya kukataa bila sababu ya maana. Safari hii walijibu kwa siku nne. Fundi amekuja kupima, na Mama amemsimamia mlangoni akimwonyesha kwa mkono wa kulia: reli iwe upande huu, ndio wenye nguvu.