Shale tuko nayo, petroli je?

Juzi nilikuwa kwa baba mdogo, pale Kamalondo, Lubumbashi, tukaanza kulalamika bei ya esansi, naye akainuka akaenda kuchukua lile jiwe jeusi anazuiaga nalo mlango usipigwe na upepo. Alifanya kazi ya mgodi miaka mingi. "We mutoto, hii njo shale dolomitike, tulikuwa tunakuta shaba ndani. Sasa banasema Wamarekani banatoa petroli mu shale. Sisi tunalala juu ya petroli hatujue?"

Nikacheka lakini swali ni zuri jamani. Shale ni matope ya zamani chini ya maji, mengine yamejaa vijimea vilivyokufa, yakafunikwa yakagandamizwa mpaka yakawa jiwe. Joto likifika kama nyuzi 60 mpaka 120 vile vijimea vinageuka mafuta, likizidi unapata gesi, likizidi tena inabaki masizi tu. Yetu ya Katanga ina zaidi ya miaka milioni 700 na ilikunjwa na kuchomwa wakati milima ilikuwa inasukumana, kwa hiyo hata kama kulikuwa na kitu kiliisha kuungua zamani sana.

Nikadondosha tone la maji juu ya jiwe, likakaa pale pale, halikuingia. Ndiyo shida yenyewe, mafuta yamefungiwa ndani hayana njia ya kutoka. Inabidi kupasua, na hapa watu wengi wanasahau kitu kimoja, jiwe lenyewe likubali kupasuka! Lenye kwartzi nyingi (yale madini magumu ya mchanga) au chokaa linavunjika kama sahani, lenye udongo wa mfinyanzi mwingi unalisukuma linabonyea kama bukari (ugali) halafu ufa unajifunga. Kwenye shale ya Barnett kule Texas, miaka ya 1990 mwishoni, watu wa George Mitchell, mwenye kampuni ya gesi, waliacha ule uji mzito wa kupasulia wakasukuma maji mepesi na mchanga kidogo, mchanga unabaki kwenye nyufa zisijifunge, gesi ikatoka kwa bei ya kueleweka. Baadaye wakalaza visima, unashuka halafu unakata kona unatembea hata kilomita tatu ndani ya tabaka lile lile, unapasua kipande kwa kipande.

Kwenye shale ya Bakken, kule Dakota ya Kaskazini, kisima mara nyingi hakilazwi hata kwenye shale yenyewe, kinalazwa kwenye tabaka la katikati lenye dolomiti (jiwe la ukoo wa chokaa), limebanwa na shale mbili, juu na chini, zinazolimiminia mafuta. Baba mdogo kusikia dolomiti akaruka, "Unaona!"

Nikamwambia ya California basi. Serikali yao ilihesabu shale ya Monterey ina mapipa zaidi ya bilioni 13 ya kutolewa, 2014 wakakata hesabu ikabaki milioni 600 hivi, maana tabaka zimekunjamana na kukatika-katika, kisima cha kulala kitafuata nini? Na hata penye kuzaa, mafuta yanayotoka kisimani kwa siku yanaweza kupungua zaidi ya nusu mwaka wa kwanza, unachimba kingine, na kingine.

"Kumbe ni sawa na batu ba kuchimba na mikono," akasema, "ukikala siku moja, bukari hakuna." Akarudisha jiwe lake mlangoni.