Tende kumi zilivyoniokoa barazani kwa mambo ya wajumbe wa Marekani

Ile Jumapili ya Julai 21, 2024 Joe Biden, rais wa Marekani wakati huo, alipojitoa kugombea tena, hapa Lamu ilikuwa kama saa tatu kasorobo usiku, watu washaswali Isha, baraza limejaa. Ami mmoja akaniuliza, "Mwanangu, huyu si alishapigiwa kura milioni 14 za mchujo wa chama? Zaenda wapi sasa?"

Mimi kwa ujuaji wangu nikamjibu kura hizo hutoa wajumbe, watu wanaokwenda mkutano wa chama kumchagua mgombea, kama wajumbe wetu wa Kasarani kule Nairobi. Kosa! Wakacheka, wakajua ni wale wa kupakiwa kwa basi, wakapewa kofia, wakapiga makofi wakarudi. Kesho yake jamaa yangu mwalimu akanishauri nichore chati, nikakesha nachora, wajumbe 3,900 na kitu huku, wanaotakiwa kushinda 1,976 kule, mzee mmoja akaichukua akafungia kashata. Mtu asikudanganye, barazani chati haiendi.

Siku ya tatu nikaja na tende, za mia mbili hivi sijui mia tatu. Tulikuwa watu ishirini, nikawaambia tupige kura, kesho twala nini? Biriani 11, pilau 7, na ami wangu na rafikiye wakashikilia mkate wa mofa, kura 2. Nikatoa tende kumi, kila tende mjumbe, nikawapa vijana: sita wa biriani, wanne wa pilau. Mofa kapa! Ami akawaka, "Yangu iko wapi?" Nikamwambia kwa Democrats, chama cha Biden, usipofika asilimia 15 huna mjumbe. (Na kwa chama kile kingine, Republican, kuna majimbo mshindi hubeba zote, angekufa kabisa.)

Alipotulia nikasema haya, mpishi wa biriani amejitoa. Wale sita wafanyeje? Kimya. Maana hao waliahidi kufuata walichotumwa, lakini aliyewatuma hayupo tena, wao ni watu wana vichwa vyao. Ndivyo Kamala Harris, aliyekuwa makamu wa Biden, alivyopata ahadi za zaidi ya nusu ya wajumbe kufikia Jumatatu usiku, simu tu, na Agosti wakampigia kura rasmi kwa mtandao kabla hata ya mkutano wa chama kule Chicago.

Nageuka nyuma, ami hayupo. Yuko kwa wale vijana sita, kamshika mmoja bega, anawanong'oneza, muuza kahawa anamimina kikombe baada ya kikombe. Wajumbe wakapiga kura upya: mofa 6, pilau 4! Mtu aliyekuwa na sifuri!

Wa pilau wakalalamika ni wizi, nikawaambia mwaka 1924 kule New York wajumbe wa Democrats walipiga kura mara 103 kumpata mgombea urais, vigogo wawili McAdoo na Smith wakazuiana hadi akapita John W. Davis ambaye hakuwa tishio mwanzoni.

"Mara 103," ami akasema, anatafuna tende ya mjumbe wake. "Na kahawa alilipa nani?"

Ya kwake nililipa mimi.