Barua Yangu Ilivyosahihishwa

Sanduku la posta la nyumbani kwetu Moshi lilikuwa na ufunguo mmoja tu, nao ulining'inia kwenye mkanda wa baba. Kila Ijumaa akitoka shuleni alikofundisha alipitisha baiskeli posta, pale karibu na mnara wa saa, ndipo arudi Pasua. Mwaka 1996, nikiwa kidato cha pili, msichana mmoja niliyekutana naye kwenye disko toto la Krismasi, aliyekuwa akisoma bweni Tanga, aliniandikia kwa anwani hiyohiyo. Nyingine sikuwa nayo.

Jumamosi mchana tumekaa mezani, mama kapakua ndizi nyama, baba akachomoa bahasha mfukoni. Ilikuwa imeshafunguliwa. Pembeni imechorwa maua kwa kalamu za rangi, na alipoikunjua karatasi, poda ikamwagika kwenye kitambaa cha meza. (Wasichana wa bweni hawakufunga barua bila poda, sijui nani aliwafundisha.) Wadogo zangu wakaanza kunusa.

Nikasubiri kofi, lakini baba hakunyanyua mkono. Alikuwa ameisahihisha barua yote kwa kalamu nyekundu, kama daftari la darasa la sita. Palipoandikwa "ulie mbali na upeo wa macho yangu" alikata "ulie" akaandika "uliye". "Hofu na mashaka ni kwako" kaipigia mstari, pembeni kaandika: "Chagua moja." Chini kabisa, 6/10, "Mwandiko mzuri."

"Haya, bwana mdogo," akasema, "mtu akikuandikia anajibiwa. Kalete karatasi."

Nilimjibu yule binti hapohapo, baba kasimama nyuma yangu anasoma. Anwani juu kulia, tarehe, aya ya kumjulia hali, aya ya masomo, hasa hesabu, na aya ya kuwasalimia walimu wake. Nilipojaribu kuchomeka "mpenzi", baba akaguna tu, nikalikata. Mama jikoni alicheka mpaka mwiko ukamdondoka. Jumatatu baba akanunua stempu kwa hela yake, akaituma mwenyewe. Yule binti hakuandika tena, na wala simlaumu.

Watu wa rika langu hupenda kusema watoto wa siku hizi wameharibika. Mimi huwa nawashangaa. Tulipenda, tulidanganya, tulitoroka kwenda disko. Ila ya kwetu yalipitia mkononi mwa mtu mzima kabla hayajatufikia. Binti yangu ana miaka 15. Laini yake imesajiliwa kwa jina langu na alama za vidole vyangu, maana hajafikia umri wa kitambulisho cha taifa. Kwenye makaratasi ile namba ni yangu. Simu yenyewe ina pasiwedi, na huko ndani sijui anaandikiana na nani, wala hofu na mashaka yake ni kwa nani. Baba yangu alijua hadi makosa ya tahajia ya mkwe mtarajiwa.

Nilipomsimulia binti yangu kisa hiki alicheka mpaka akajilaza kwenye kochi. "Kwa hiyo babu ndiye alikuwa admini wa grupu?" Halafu, machozi ya kicheko hayajamkauka, akaniomba hela ya bando.