Vigimbi vya mzee

Mzee wangu aliendesha baiskeli kutoka Pongwe hadi Tanga mjini na kurudi mpaka ana miaka 66. Vigimbi vyake vilikuwa utani wa kijiwe kizima. Nimonia ikamlaza kwenye mashine ya kupumulia. Siku ya 9 nikafunua shuka, nikakuta miguu ya mtu mwingine.

Mimi ni fundi baiskeli hapa Ngamiani, nikajisemea hii kutu, chombo kimekaa bila kutumika. Dada wa mazoezi tiba akanikatalia. Chuma kikikaa hakijili, alisema, ila mwili uliolala huku unapambana na maambukizi unavunja misuli yake wenyewe upate protini. Baadaye nikasoma utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2013. Walipima mapaja ya wagonjwa mahututi kwa ultrasaundi, na ndani ya siku 10 msuli wa mbele ulikuwa umepungua karibu asilimia 18. Sikushangaa, nilishaona kwa macho.

Kilichoniuma zaidi ni vifundo. Siku zote hizo tulikatazwa kumgusa, na wahudumu wenyewe miguu hawakuigusa. (Hospitali siitaji.) Ukilala chali nyayo zinaangukia mbele, blanketi nalo linazikandamiza, kano ya kisigino inafupika. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka kama wa mtu anayechungulia dirisha la juu.

Dada akanifundisha. Kwanza muulize muuguzi, maana kuna mipira, usije ukaing'oa. Kisha kisigino nikipakate kiganjani, unyayo ulale juu ya mkono wangu, niegemee polepole mpaka pakaze, nihesabu hadi 30. Mara ya kwanza nilitumia nguvu kama nakaza nati, akanipiga kofi la mkono. Halafu goti, nyonga, bega, vidole kimoja kimoja, asubuhi na jioni. Mama akaleta kanga zake kuukuu, tukazikunja kuegemeza nyayo zisimame.

Hayo yanasaidia kiungo kisigande. Msuli haurudi kwa kunyooshwa na mwingine, unataka mwenyewe akaze. Kwa hiyo dawa ya usingizi ilipopunguzwa, mpira ungali kooni, dada akamwambia, "Baba, nisukume mkono." Kidole gumba kikacheza. Basi. Kesho yake wakamkalisha ukingoni mwa kitanda, watu watatu wamemshika, shingo haimudu kichwa. Dakika 4, akarudishwa kulala jasho linamtoka kama katoka Pongwe.

Siku hizi anakuja kijiweni kwa fimbo. Kisigino cha kushoto bado hakifiki chini, kwa hiyo nimemkatia kipande cha tairi, nikakigundisha chini ya kandambili. Akajaribu hatua mbili, akaivua, akanirushia.

"Umezidisha, mwanangu. Punguza."