Nilivyolikarabati kasha la redio la bakelaiti

Redio ya mezani niliyorithi kwa babu mzaa mama ilikuwa imepasuka pembe moja ya kasha lake la kahawia, na mafundi niliowaendea walitaka kuliziba kwa chuma cha moto, kama wanavyoziba ndoo na mabeseni. Nilikataa, kwa sababu bakelaiti, plastiki ngumu ya zamani iliyotengenezewa kasha hilo, haiyeyuki.

Leo Baekeland, mkemia mzaliwa wa Ubelgiji aliyehamia Marekani, aliigundua mwaka 1907 huko Yonkers, jimbo la New York, alipokuwa akitafuta kitu cha kuchukua nafasi ya shelaki, utomvu wa wadudu uliotumika kuhami vifaa vya umeme. Alichanganya kemikali mbili, fenoli na fomaldehidi, kisha akautia mchanganyiko huo joto na mgandamizo ndani ya chombo kilichofungwa. Viwandani utomvu uliotokana na mchanganyiko huo ulitiwa unga wa mbao na kushindiliwa katika kalibu ya moto, ukatoka simu, swichi, mpini wa sufuria au kasha la redio. Ukishagandamana hivyo, moto wa pili hauulainishi, unauunguza tu.

Ili kuwa na hakika, nilisugua sehemu ya ndani ya kasha kwa kidole gumba mpaka ikapata joto, nayo ikatoa harufu kali ya sabuni ya karboliki, ambayo ndiyo harufu ya fenoli.

Msasa sikuugusa. Mng'ao wote uko kwenye ngozi nyembamba ya juu. Chini yake ni unga wa mbao, na baadhi ya bakelaiti za zamani zilitiwa asbesto, madini ya nyuzinyuzi ambayo vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Nilifuta uchafu kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na sabuni laini, bila kuliloweka, kwa kuwa palipopauka hunyonya maji. Ufa niliuunga kwa gundi ya epoksi iliyokolezwa poda ya kahawia, nikaibana pembe kwa vipande vya tyubu ya baiskeli hadi gundi ikakauka, kisha nikasugua polepole kwa dawa ya kung'arishia shaba na kumalizia kwa nta.

Nyumbani walipendekeza tulipake rangi nyeupe. Sikukubali: utomvu wa fenoli huwa mweusi zaidi kadiri unavyopigwa na mwanga, ndiyo maana watengenezaji walishikilia kahawia na nyeusi, na rangi hiyo ni sehemu ya historia yake. Alama ya gundi bado inaonekana ukiinama karibu, na sehemu ya juu iliyochomwa na jua imebaki bila mng'ao, nimeiacha hivyo.