Mkimya, mpole au mtulivu?

Wasifu wa baba mdogo nimeuandika mimi. Kwenye ukoo wetu ukishajulikana kwamba unaandika, msiba ukitokea hupangiwi kuchota maji wala kufunga turubai. Unapewa kalamu.

Nikaanza: "Marehemu alikuwa mtu mkimya." Shangazi alikuwa pembeni yangu kwenye mkeka, anachagua mchele.

"Mkimya nani? Ulishamkuta kijiweni anabishania mpira?"

Nikafuta, nikaweka mpole. Hapo akatua ungo chini kabisa.

"Mpole wapi, na fimbo zake mlikula wote! Andika mtulivu, mwanangu."

Tangu juzi nalitafuna neno hilo. Mkimya haongei, mpole hana makali. Mtulivu anaweza kuwa na maneno na makali yote, ila hayampelekeshi. Limetoka kwenye kutulia, kama msikivu kwenye kusikia, na linaifuata nomino yake popote: maji matulivu, mahali patulivu, bahari tulivu. Shwari halina tabia hiyo, halibadiliki hata ulipeleke wapi, na kwangu mimi linaikaa bahari vizuri kuliko mtu. (Hapa Dar kitenzi chenyewe kimefika mbali: shati likikupendeza, utaambiwa limetulia. Baba mdogo hakuwahi kuvaa shati lililotulia.)

Najua shangazi alikuwa anakumbuka nini. Desemba 2011, mafuriko yale, baba mdogo alikuwa amepanga Kigogo, bondeni mwa Msimbazi, na mimi nilikuwa nimelala kwake. Maji yakaingia ndani gizani. Uani kila mtu anapiga kelele, mtu anaita jina la mwanawe, mwingine anavuta godoro lililokwisha kulowa. Yeye akasimama mlangoni, maji magotini, akamulika ukuta kwa kitochi cha simu. Akahesabu matofali. Akangoja kidogo, akamulika tena.

"Yanapanda," akasema, kwa sauti ile ile anayoagizia chai. "Watoto kwanza. Halafu mchele."

Mchele ulipona. Redio yake, aliyoipenda kuliko sisi, ilikwenda na maji, na sikumsikia akiitaja tena.

Basi leo kabla ya ibada wasifu umesomwa. Jirani aliyepewa kazi hiyo alisahau miwani nyumbani, akawa anaisogeza karatasi mbele na nyuma, na alipofika pale akasoma "mtulifu".

Kutoka upande wa akina mama, sauti iliyokauka kwa kilio:

"Mtulivu!"