Noti ya elfu na pindo jekundu

Bi mkubwa mmoja wa Kibokoni alichukua doti ya mia nane, akanipa noti ya elfu, nikamrudishia mia mbili. Nikageuka kurudisha leso nyingine rafuni, nikamrudia, nikamhesabia mia mbili tena. Alinishika mkono. "Mwanangu, ushanipa. U mzima wewe?"

Nilicheka nikasingizia joto. Lakini ilikuwa mara ya tatu wiki ile, na wale wawili wa kwanza hawakunishika mkono. Jioni pesa zilipungua, tajiri akanikata, na sikuwa na la kusema.

Nauza leso Biashara Street, Mombasa, mwaka wa 16 sasa. Asiyeijua kazi hii hudhani ni kukunja nguo tu. Mteja haji na namba, anakuja na nusu ya jina: "Nataka ile inayosema mambo ya jirani," ama, "Ile aliyojifunga wifi yangu harusini, ina korosho." Wewe ujue pindo lake, ujue mji wake, yaani uwanja wa katikati, ujue jina, na ujue iko rafu gani. Mimi yote nilikuwa nayo kichwani, na nikijivuna. Mwenzangu wa dukani akiandika daftari, mimi nikiguna.

Kisha kijana wangu akaanguka na bodaboda kwenye daraja la Nyali, Jumanne asubuhi, na simu ikanikuta dukani. Mguu ulivunjika mara mbili, akatiwa vyuma, akakaa ndani miezi mitano. Leo anatembea, anachechemea kidogo tu. Yeye alipona. Mimi ndipo nilipoanza kusahau.

Nilisahau maharagwe ya nazi jikoni hadi jirani akabisha hodi kwa harufu. Nilituma pesa kwa namba ya mtu nisiyemjua, ingawa namba sahihi ilikuwa mbele yangu kwenye karatasi. Ninakaa Kongowea, na jioni mbili matatu ilinipitisha hadi Bombolulu nikiwa nimekaa macho wazi, sina usingizi, sina simu mkononi. Na kibaya zaidi, majina ya leso yalianza kunipotea. Mzigo mpya ukifika nilisoma majina yote, na baada ya saa moja mteja akiuliza, kichwani hamna kitu.

Shangazi yangu alisema ni kijicho. Aliniletea kombe, maji yaliyooshewa aya, nikanywa, kwa sababu kumkatalia shangazi ni ugonjwa mwingine. Kisha nikaenda kwa daktari. Alipima presha, sukari, damu na tezi ya shingo, vyote sawa. Akaniuliza kama napotea njia ya nyumbani, kama nashindwa kazi za mikono nilizozizoea. Hapana. Akauliza nalala kiasi gani. Nikamwambia ukweli: usingizi wangu hauzidi saa nne kwa usiku, na huo wenyewe nasikiliza simu. Aliandika neno moja kwenye kadi, wasiwasi, akaniambia nirudi baada ya mwezi. Nilitoka nimekasirika. Wasiwasi naujua, ni wangu. Nilichotaka kujua ni unaingiaje kwenye chenji ya mtu.

Aliyenifungulia macho ni mpwa wangu, anayesomea uuguzi. Alikuja Ijumaa moja baada ya chakula na kalamu za rangi. Akaniandikia majina ya rangi, lakini kwa wino usiolingana nayo: neno nyekundu kwa wino wa buluu, neno kijani kwa wino mwekundu. "Khalati, usisome. Nitajie rangi ya wino, haraka." Jaribu na wewe. Ulimi unakimbilia kusoma, na kitu fulani nyuma ya paji la uso lazima kiuzuie na kuuelekeza kwenye wino. Mchezo huo aliuchapisha Mmarekani John Ridley Stroop mwaka 1935, na hadi leo wataalamu wanautumia kupima ule umakini unaosimamia mengine: unaochagua hili na kulizuia lile.

Nilikwenda polepole lakini nikaenda. Katikati ya orodha alikuwa ameficha neno bodaboda, kwa wino wa kijani. Kijani si kigumu kutamka. Nilikaa nalitazama lile neno mpaka mtoto akaniwekea mkono begani. Baadaye akaniambia hilo nalo lajulikana: mtu aliyetishika hukwama kwenye maneno yanayogusa kilichomtisha, hata kama ameulizwa rangi peke yake.

Basi akanieleza, na mimi naeleza kama nilivyoelewa. Ndani kabisa ya ubongo, usawa wa masikio, kila upande pana kifundo chenye umbo la lozi, hii hii inayotiwa kwenye halua. Kwa kitaalamu huitwa amigdala, na jina lenyewe kwa Kigiriki maana yake ni lozi. Kazi yake mojawapo ni kunusa hatari kabla wewe hujatambua. Ubavuni mwake ipo hipokampasi, iliyojikunja kama farasi wa baharini na kupewa jina lake, ambayo ndiyo inayoshona matukio mapya yawe kumbukumbu. Na mbele, nyuma ya paji, ndiko anakoshika zamu msimamizi. Wanasaikolojia Alan Baddeley na Graham Hitch walipoeleza mwaka 1974 kumbukumbu tunayofanyia kazi kwa sekunde chache, msimamizi huyo walimweka katikati.

Nafasi yake ni ndogo mno. Mwaka 1956 George Miller alisema ni vitu saba, vipungue viwili au vizidi viwili. Nelson Cowan mwaka 2001 akaishusha hadi vinne hivi. Nikamwambia mpwa wangu basi ni tuktuk: watatu nyuma, na wa nne kabanana na dereva. Sasa hesabu mwenyewe. Mteja huyu, leso hii, noti ya elfu, nishamrudishia au bado. Imejaa. Na abiria wangu mmoja siku zote alikuwa ni simu italia, na hashuki. Ile mia mbili ya bi mkubwa haikupotea kwenye kumbukumbu. Haikupata kupanda.

Mwili nao unamuongezea. Ukitishika, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini, na baadaye kortisoli. Kwa dakika chache inafaa, unakimbia. Lakini msukosuko ukizidi, zile kemikali za ubongo zinazomweka msimamizi macho huwa nyingi mno, na sehemu ya mbele inalegea huku lozi ikipata nguvu. Amy Arnsten wa Chuo Kikuu cha Yale ameichunguza hali hiyo kwa miaka mingi.

Nikamuuliza swali lililonisumbua: mbona mikono haijakosea? Doti naikunja nikiwa mbali kabisa, na pindo linakaa juu ya pindo, jina linatokea mbele. Ndipo akanisimulia Henry Molaison, Mmarekani aliyepasuliwa mwaka 1953 kutibiwa kifafa, akaondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili. Kifafa kilipungua, lakini tangu siku ile hakuweza kuhifadhi tukio jipya. Brenda Milner, aliyemchunguza kwa miaka, kila akija alikuwa mgeni. Alimfundisha kuchora nyota akiitazama kwenye kioo, kazi ngumu kweli, na siku baada ya siku mkono wake ukawa hodari huku mwenyewe akiapa hajawahi kuifanya. Alifariki mwaka 2008. Kumbe maghala ni mengi. La mikono yangu halipitii mlango mmoja na lile la chenji.

Nilifurahi, nakiri. Miezi mizima nilijiona nazeeka kabla ya wakati.

Kuelewa hakukurudisha pesa za tajiri, lakini. Kilichonisaidia kwanza ni kitu nilichokidharau: daftari. Mteja akitoa pesa naiweka noti juu ya kaunta, siitii kwenye droo, natamka kwa sauti, "Elfu, bi mkubwa, nakurudishia mia mbili," namhesabia, naandika mstari mmoja, ndipo noti inaingia ndani. Mwenzangu alinicheka kama nilivyokuwa nikimcheka yeye. Lakini karatasi imeshika abiria wawili, na tuktuk imepata nafasi.

Jikoni nilifunga jambo kwenye jambo. Buibui langu la kutokea silisahau kamwe, kwa hiyo nikajiwekea: nikishika buibui, nagusa kichwa cha mtungi wa gesi. Siku za mwanzo niligusa hata ikiwa sikupika. Mpwa wangu asema hata hilo lina mtaalamu wake, Peter Gollwitzer, aliyeandika mwaka 1999 kwamba nia iliyofungwa kwenye tukio maalumu, nikiona hiki nafanya kile, hutimia zaidi ya nia ya hewani.

Majina ya leso niliyarudia kama tulivyofundishwa chuoni. Ustadhi wetu hakutujali tukisoma msahafu umefunguliwa. Alitaka ufungwe, kisha usome. Mzigo ukifika, naweka kiganja juu ya jina, natazama pindo na mji, nalitafuta jina mwenyewe, ndipo nainua mkono. Nikikosea, narudia jioni, kisha kesho yake. Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba wanafunzi waliojipima waliyakumbuka masomo zaidi wiki moja baadaye kuliko waliosoma na kusoma tena. Ustadhi angewaambia bure, ingawa yeye aliongeza na bakora.

Simu ndiyo ilikuwa vita yenyewe. Nilibadilisha mlio, nikadhani nimemaliza. Siku moja kwenye matatu simu ya abiria ikalia mlio wangu wa zamani, na moyo ukanipasuka kabla sijajua nimesikia nini. Kuna kisa cha daktari wa Uswisi, Édouard Claparède, alichokiandika mwaka 1911. Alikuwa na mgonjwa asiyeweza kumkumbuka hata akitoka na kurudi. Siku moja alimpa mkono akiwa ameficha pini, akamchoma. Baadaye mama yule hakumtambua kama kawaida, lakini alikataa kumpa mkono, na hakujua kwa nini. Mimi nilikuwa yeye.

Basi nikaurudisha mlio wa zamani. Nikakubaliana na kijana wangu: kila siku saa nne asubuhi anipigie, aseme amekula, akate. Wiki ya kwanza nilipokea kwa vidole vinavyotetemeka, na nilimkatia mara mbili. Wiki ya tatu nilianza kuisubiri. Mpwa wangu alinionya: hofu ya zamani haifutiki, inafunikwa na somo jipya, na ni ile sehemu ya mbele inayoishika chini. Ivan Pavlov aliyaona hayo kwa mbwa wake. Walikuwa wamezoea kutoa mate kwa sauti iliyotangulia chakula. Akawasikilizisha sauti bila chakula mpaka wakaacha, lakini baada ya mapumziko mate yalirudi. Nami tulipofungua duka baada ya Idi, siku nne bila simu ya saa nne, mlio wa kwanza uliniruka vile vile. Kama nisingeonywa, ningesema sijafanya lolote. (Mwenye kuota ajali kila usiku asijitibu kwa simu kama mimi. Aende kwa wajuzi.)

Usingizi ulirudi wenyewe, kidogo kidogo, na daktari nilimrudia, hasira zimekwisha.

Limebaki jambo moja. Siku zote nilikuwa nikisema: chenji naisahau, lakini ile dakika ya simu naiona kama picha. Nilikuwa nakunja doti yenye pindo jekundu, korosho nyeusi, jina Subira yavuta heri. Mpwa wangu alisema ni sawa, lozi ikiwaka huiambia hipokampasi ishike kwa nguvu. Nikaamini. Sasa nina daftari, na kwa kuwa nina daftari nikaanza kusoma la mwenzangu, la miezi ya nyuma. Mzigo wa lile pindo jekundu uliingia siku tisa baada ya ajali.

Nilimwambia amekosea tarehe. Akanitolea risiti.

Mpwa wangu hakushangaa hata kidogo. Chombo cha anga Challenger kilipolipuka mwaka 1986, Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwaandikisha wanafunzi wao asubuhi ya pili: ulisikia wapi habari, ukifanya nini. Walipowauliza tena baada ya miaka miwili na nusu hivi, wengi walieleza kisa kingine, kwa uhakika kamili, na hata walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe wapo waliosema hapana, haikuwa hivyo. Hisia kali hushika kiini, na hukuachia uhakika. Mapambo hushonwa baadaye.

Pindo jekundu naliona mpaka leo. Risiti nimeishika kwa mikono yangu, na bado naliona.

Juzi saa nne simu ililia nikiwa na mteja, noti ya elfu iko juu ya kaunta. Nilitamka hesabu, nikamrudishia mia mbili yake, nikaandika mstari wangu. Ikawa imekata. Ikalia tena. "Mama, mbona hupokei?" akasema. "Nilikuwa na mtu," nikamwambia. "Umekula?"